Msomaji Aliyesahauliwa katika Shindano la Insha

Kila muhula mpya unapoanza, mbao za matangazo katika vyuo vya tiba hubandikwa karatasi za aina moja. Shindano la insha kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, maneno yasiyozidi elfu moja na mia tano, lugha, Kiingereza, mshindi kugharimiwa safari ya kongamano ng'ambo. Pembeni yake, jarida fulani linakaribisha ripoti za visa vya wagonjwa. Mwanafunzi wa mwaka wa nne husimama hapo akiwa bado amevaa koti jeupe, hunakili anwani, na jioni hiyo hiyo huanza kuandika. Mchana kutwa amekuwa wodini akiuliza kwa Kiswahili maumivu yalianza lini, yanazidi usiku au mchana, na nani mwingine nyumbani ameugua. Usiku huyageuza majibu hayo kuwa Kiingereza cha kitabuni na kuyatuma kwa watu ambao hawatamwona kamwe yule aliyeyatoa.

Si kosa la mwanafunzi kushindana, wala si kosa la chuo kumhimiza. Kuandika ni sehemu ya kujifunza utabibu. Anayelazimika kueleza kisa kwa maandishi hugundua haraka pale ambapo hakuuliza vizuri. Tena historia ya tiba haikosi wanafunzi walioandika mambo makubwa kabla hawajaitwa madaktari. Paul Langerhans alikuwa na umri wa miaka 21 alipowasilisha tasnifu yake mjini Berlin mwaka 1869. Ndani yake alieleza vikundi vidogo vya chembe alivyoviona katika kongosho kwa hadubini, na hakudai kujua kazi yake. Leo vikundi hivyo vinaitwa kwa jina lake, na ndivyo vinavyotengeneza insulini. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga sindano yake asubuhi ana deni dogo kwa tasnifu ya mwanafunzi ambaye alikuwa mkweli kuhusu mipaka ya alichokiona.

Kisa kinachogusa zaidi suala la mashindano kilitokea Peru. Katika miaka ya 1870, reli ilipokuwa ikijengwa kutoka pwani kuelekea La Oroya katika milima ya Andes, wafanyakazi kwa maelfu walikufa kwa homa kali iliyowaishia damu mwilini. Watu wa mabonde yale walijua pia ugonjwa mwingine, wa vinundu vyekundu vya ngozi vinavyofanana na chunjua na kutoa damu. Waganga hawakukubaliana kama hayo yalikuwa magonjwa mawili au moja. Mwaka 1885 chama cha madaktari mjini Lima kilitangaza shindano la maandishi kuhusu ugonjwa huo wa vinundu. Daniel Alcides Carrión, mwanafunzi wa tiba ambaye tayari alikuwa akikusanya visa vya wagonjwa hao, aliamua kushiriki.

Tarehe 27 Agosti mwaka huo, akiwa katika Hospitali ya Dos de Mayo, na licha ya walimu na wenzake kumsihi aache, Carrión alichanjwa damu iliyotolewa katika kinundu cha mgonjwa kijana aliyelazwa hapo. Baada ya wiki tatu homa ilianza. Aliandika dalili zake mwenyewe siku baada ya siku mpaka tarehe 26 Septemba. Aliposhindwa kuandika, aliwaomba wenzake waendelee. Alikufa tarehe 5 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 28. Homa ile iliyowaua wajenzi wa reli ndiyo iliyomuua yeye, ingawa alichochanjwa kilitoka katika kinundu cha ngozi. Ulikuwa ugonjwa mmoja. Wanafunzi wenzake waliyakusanya maandishi yake na kuyachapisha mwaka uliofuata, na hadi leo tarehe 5 Oktoba ni siku ya utabibu nchini Peru.

Wanafunzi husimuliwa kisa hiki kama kielelezo cha ushujaa, na ushujaa upo, japo hakuna kamati ya maadili ya leo ambayo ingeruhusu jaribio kama lile, wala haifai iruhusu. Lakini kuna mtu wa pili katika habari hii. Yule kijana kitandani, ambaye kinundu chake kilitoa damu ya jaribio, hupita katika masimulizi kwa mstari mmoja. Mwanafunzi amepewa sanamu, siku ya kumbukumbu na jina katika vitabu. Mgonjwa amebaki kuwa chanzo cha damu. Zaidi ya miaka mia moja na thelathini imepita, na karatasi iliyobandikwa ubaoni bado inaugawa ulimwengu hivyo hivyo: yupo anayeandika, wapo wanaohukumu, na yupo anayeandikwa.

Kanuni zimejaribu kurekebisha jambo hili. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo miongozo yake hufuatwa na majarida mengi ya tiba duniani, inataka mgonjwa anayeweza kutambulika atoe idhini ya maandishi kabla kisa chake hakijachapishwa. Inaeleza wazi kwamba kufunika macho katika picha hakutoshi kumficha mtu. Kisha inaongeza sharti ambalo wachache hulikumbuka: mgonjwa huyo aonyeshwe muswada wenyewe unaokusudiwa kuchapishwa.

Sharti hili lina mantiki pale ambapo mgonjwa na mwandishi husoma lugha moja. Je, linatimizwaje Dodoma, Tanga au Kigoma? Mama aliyejifungua kwa taabu, ambaye kisa chake kimeandikwa katika kurasa sita za Kiingereza, akionyeshwa kurasa hizo ameonyeshwa karatasi tu. Ataweka sahihi au dole gumba kwa sababu anamheshimu daktari, au kwa sababu anahofia kwamba akikataa atahudumiwa kwa ukali. Hiyo ni heshima, pengine ni woga. Idhini yenyewe haijapatikana.

Ajabu ni kwamba nchini Tanzania kazi ya kutafsiri hufanywa vizuri sana mwanzoni. Mtafiti anayetaka kibali cha kamati ya maadili hupeleka fomu ya idhini kwa Kiswahili, na wakaguzi huipitia neno kwa neno: je, hatari zimeelezwa, je, mtu ameambiwa kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu? Kiswahili hutumika kumwingiza mgonjwa ndani ya utafiti, kisha huachwa mlangoni. Matokeo huandikwa kwa Kiingereza, hutetewa kwa Kiingereza, hupigwa chapa na kuhifadhiwa katika maktaba ya chuo. Mshiriki aliyejaza dodoso kwa dakika arobaini, huku akikosa zamu yake katika foleni ya dawa, hajui mpaka leo kilichoonekana. Na insha za mashindano huteleza hata kuliko tasnifu, kwa sababu mara nyingi hazihesabiwi kuwa utafiti na hivyo hazipiti mbele ya kamati yoyote. Mwanafunzi anaweza kueleza kwa ufasaha mkubwa siku za mwisho za mzee fulani wodini, akataja umri, kabila, kijiji na kazi yake, na akapata tuzo, bila jamaa za marehemu kuulizwa neno.

Kwa hiyo rai inayotolewa hapa ni hii: shindano lolote la uandishi linaloandaliwa na chuo cha tiba, na nafasi yoyote ya kuchapisha inayotolewa kwa wanafunzi wake, limhesabu mgonjwa kuwa msomaji. Kwa maneno mengine, muswada wowote unaotokana na maisha ya mgonjwa uambatane na andiko la Kiswahili la ukurasa mmoja au mbili, na andiko hilo lipewe alama.

Wapo watakaopinga kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Pingamizi hili limekwisha kuchakaa. Katika miaka ya 1980, ugonjwa mpya ulipoingia kupitia mkoa wa Kagera, wananchi walikuwa na jina lake, Juliana, kwa kufuata jina la nguo za biashara ya magendo zilizokuwa zikipendwa wakati ule, kabla wataalamu hawajawa na la kwao. Baadaye likaja neno UKIMWI, lililotokana na maneno ya kawaida ya upungufu, kinga na mwili, likaenea kila kona. Mitaani watu waliongeza yao, wakauita miwaya, wakauita ngoma. William Mkufya aliweza kuandika riwaya nzima, Ua la Faraja, juu ya janga hilo bila lugha kumpungukia. Kila siku muuguzi wa kliniki ya wajawazito hueleza upungufu wa damu, shinikizo la damu na kifafa cha mimba kwa wanawake thelathini waliokaa kwenye mabenchi, na wanaelewa. Pengine kinachokosekana ni mazoezi ya mwanafunzi katika kuandika alichozoea kukisema.

Na yapo mambo ambayo Kiingereza ndicho kinachokosa neno lake. Mfano ni degedege. Katika kitabu cha mwanafunzi, mtoto mwenye homa anayetupatupa viungo na kupoteza fahamu huandikwa kuwa ana malaria kali, au ana mtukutiko uletwao na homa. Kwa wazazi wengi wa pwani na bara, degedege ni kitu chenye tabia yake: wapo wanaoamini kwamba huletwa na pepo au na mdudu arukaye usiku, kwamba mtoto akidungwa sindano akiwa katika hali hiyo hufa, na kwamba kwa hiyo mganga wa kienyeji hutangulia na hospitali hufuata. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza kwamba wazazi walichelewa kumleta mtoto ameandika ukweli usio na maana. Akiandika kwa Kiswahili, hana budi kulitumia neno degedege, na akilitumia hana budi kueleza kwa nini mama yule, ambaye si mjinga wala si mzembe, alipita kwanza mlango mwingine. Hapo ndipo tiba inaweza kuanza kujirekebisha, kwa sababu mama mwingine akisoma maelezo hayo atajiona ndani yake, atajua kwamba ameeleweka, na huenda safari ijayo atageuza utaratibu wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo halisemwi sana mbele za watu: maandishi ya Kiswahili hayamjengi mwanafunzi. Hayahesabiwi anapoomba ufadhili wa shahada ya uzamili, wala hayamsaidii mwalimu wake kupanda cheo. Ni kweli. Na ni kwa sababu ya ukweli huu kwamba haitoshi kuwahimiza wanafunzi kwa hotuba. Vyuo vyenyewe ndivyo vinavyoamua nini kihesabiwe. Chuo kinachodai ripoti ya kisa iliyochapishwa kama sehemu ya tathmini kinaweza vilevile kudai ukurasa wa Kiswahili, na kuupa uzito.

Hesabu hiyo hiyo ya vyeo na ufadhili ndiyo inayowasukuma wanafunzi katika mtego ambao ni lazima utajwe. Mwanafunzi anayetafuta jina upesi hupokea barua pepe zenye sifa tele. Huitwa profesa mashuhuri naye hajamaliza mtihani wa mwaka wa tatu. Huahidiwa kwamba andiko lake litahakikiwa na kukubaliwa ndani ya siku tatu. Kisha hutumiwa ankara. Majarida ya namna hii hula ada na hayahakiki chochote. Ada peke yake si dalili ya ulaghai, kwa kuwa majarida mengi halali yanayosomwa bure hulipwa na mwandishi. Dalili ni haraka, sifa, na bei inayofichwa mpaka andiko likubaliwe. Mwanafunzi anaweza kutazama kama jarida limo katika Directory of Open Access Journals, au kama linaonekana katika African Journals Online, ambako hata jarida la wanafunzi wa tiba wa Dar es Salaam limewahi kuwekwa. Hizo si dhamana kamili, lakini zinampa pa kuanzia, na mkutubi wa chuo anajua zaidi kuliko anavyoulizwa. Hasara ya kulaghaiwa haiishii mfukoni mwa mwanafunzi. Kisa cha mgonjwa kikishawekwa mahali pale, kinasomeka na mtu yeyote duniani, na hakuna mhariri wa kweli wa kumwandikia aombwe kukiondoa.

Jambo jingine la aibu ni majina. Wanafunzi hunong'ona kwamba kazi waliyoifanya miezi sita ilichapishwa majina yao yakiwa mwishoni, au yasiwemo kabisa, huku mtu aliyeusoma muswada mara moja akitangulia. Kamati ile ile ya wahariri imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa dhati wazo au data; awe ameandika au kuhariri kwa uzito; awe ameidhinisha toleo la mwisho; na awe tayari kuwajibika kwa yote yaliyomo. Masharti yote manne kwa pamoja, si mojawapo. Cheo hakimo katika orodha.

Upande wa fasihi nafasi zipo, na wanafunzi wa tiba huzipita bila kuzitazama. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ambayo haijawahi kuchapishwa. Tanzania imekuwa na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Hakuna inayomzuia mwanafunzi wa uuguzi kuandika riwaya yake. Hata hivyo tuzo hizo ni za ubunifu, na andiko linalomweleza mgonjwa wa selimundu kwa nini maumivu humjia wakati wa baridi, au kwa nini anapaswa kunywa maji mengi, halina pa kushindanishwa. Hilo ni pengo la vyuo vya tiba kulijaza.

Linaweza kujazwa bila gharama kubwa. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na vyuo vingi tayari huiadhimisha kwa ngonjera na mavazi. Iwe pia siku ya kutoa tuzo ya andiko bora la afya. Jopo la waamuzi liwe na daktari, mhariri au mwalimu wa Kiswahili, muuguzi aliyezoea kliniki ya nje, na wagonjwa wawili wenye ugonjwa ulioandikwa. Wagonjwa hao wasiwekwe kama pambo. Andiko ambalo wao hawakulielewa lisiingie fainali, hata kama daktari amelisifu. Zawadi ya fedha inaweza kuwa ndogo. Zawadi kubwa iwe kuchapwa: andiko lipigwe chapa, libandikwe kliniki, lisomwe redioni, na jina la mwanafunzi liwe chini yake.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao, kwa maana mwanafunzi huandika anachokiona kikithaminiwa. Daktari bingwa anayemwuliza mwanafunzi wakati wa mzunguko wa wodi, "Umemsomea mgonjwa ulichoandika?", amemfundisha zaidi ya mhadhara wa saa mbili kuhusu maadili. Muuguzi mkuu wa wodi ana haki ya kutaka kujua ni nani anapiga picha za kidonda kwa simu yake, na picha hizo zinakwenda wapi.

Mgonjwa naye si mtu wa kungoja tu. Akiombwa kisa chake kiandikwe, anaweza kukataa, na kukataa huko hakupaswi kugusa matibabu yake hata kidogo. Anaweza kuuliza kama jina la kijiji chake litatajwa na kama picha itaonyesha alama inayomtambulisha. Anaweza kutaka asomewe kwa Kiswahili yote yaliyoandikwa, mbele ya ndugu amwaminiye, kabla ya kuweka sahihi. Akibadili nia kabla andiko halijachapishwa, analo neno la mwisho. Likishachapishwa na kusambaa, haliwezi kurudishwa lote, na hilo anapaswa kuambiwa mapema, tena waziwazi.

Mwanafunzi atakayekaa kando ya kitanda na kumsomea mama yule kurasa zake kwa Kiswahili ajiandae pia kusahihishwa. Atasoma kwamba mgonjwa alichelewa siku mbili kufika hospitalini, na mama atamkatiza: hakuchelewa, alifika zahanati siku ile ile, akaambiwa gari la wagonjwa halina mafuta. Sentensi hiyo haimo katika faili. Sasa itakuwamo katika andiko, na huenda ikawa ndiyo sentensi ambayo mganga mkuu wa wilaya alihitaji kuisoma.